Aliyewangoja Kenge wa Bwawa la Chini

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu Mama Taratibu anatimiza miaka thelathini na moja ya utumishi katika hifadhi yetu, na jioni ya siku hiyo hiyo anastaafu. Atavua buti, atarudisha fimbo yake ya kukamatia nyoka, kisha ataondoka. Fimbo ataikabidhi kwangu, maana mimi ndiye mtunza stoo, na ofisi imenipa mimi kazi ya kuandika wasifu huu wa jarida la hifadhi kwa kuwa hakuna mwingine aliyebaki hapa aliyefanya naye kazi muda mrefu hivyo. Niliitikia haraka kabla ya kufikiri. Sasa najuta, kwa sababu ni vigumu kumwandika mtu huku mwenyewe akipita dirishani kila mara kuuliza umefika wapi na kama umemsema vibaya.

Wafanyakazi wapya huuliza jina lake lilitoka wapi. Halikutoka mbali. Nyoka akiingia kwenye nyumba ya mtu hapa kituoni, kwanza husikika ukelele, halafu viti huanguka, halafu huitwa yeye. Huingia kwa mwendo wa jirani aliyekuja kuomba chumvi, husimama katikati ya chumba na kusema taratibu, taratibu. Hakuna anayejua kama anamwambia nyoka au anawaambia waliopanda juu ya meza. Mhasibu wetu wa zamani, mtu mzito na mwenye heshima zake, aliwahi kupanda juu ya jokofu kwa ajili ya nyoka mwembamba kama kamba ya kiatu. Kumtoa nyoka kulikwisha mapema. Kumshusha mhasibu ndiko kulikochukua muda. Tangu hapo jina likashika, na hata mkuu wa hifadhi humwita hivyo. Jina lake la cheti hulisikia hospitalini tu, na huchelewa kuitika.

Hakuanza kazi na nyoka. Alianza na jembe. Alikuja hapa akiwa msichana, kibarua, mwaka ule ilipokuwa inajengwa nyumba ya wageni kando ya Bwawa la Chini. Wakubwa wa wakati ule hawakutaka kusafirisha matofali kutoka mjini, na kila mtu anajua kwamba hakuna udongo mzuri wa matofali kama wa kichuguu. Mchwa wameshauchekecha, wameshaukanda, unashikana vizuri na haupasuki ukikauka. Kuzunguka bwawa lile vichuguu vilikuwa vimejaa. Basi kikosi cha vibarua kikapewa majembe na sururu, kikaambiwa kivibomoe vyote, na yeye alikuwamo.

Aliyefyatua matofali hayo na kuyapanga ukutani alikuwa fundi mwashi mmoja kijana, mwenye mikono myepesi na maneno machache. Mama Taratibu husema nusu ya kiangazi kile fundi yule hakuwahi kumwambia neno lingine zaidi ya kuomba maji yaongezwe kwenye udongo. Lakini saa ya mapumziko, wenzao wakijilaza kivulini, wao wawili walijikuta wamekaa upande mmoja wa bwawa, wakiwatazama kenge. Wakati ule kenge walikuwa wengi pale. Walitoka majini asubuhi na kujitandaza juu ya miamba kuota jua, wakubwa, wenye madoa ya manjano, ulimi ukiingia na kutoka. Fundi alikuwa amewazoea. Alijua yupi ni mgomvi na yupi ana mwamba wake asiotaka mwingine aukalie. Siku alipofungua mdomo hatimaye, ilikuwa kumwonyesha kenge mmoja aliyemwibia mwenzake samaki, na wakacheka pamoja. Nyumba ya wageni ilipoezekwa, walishaoana.

Kuna siku moja ya kiangazi kile ambayo amenisimulia mara nyingi, tena bila kujificha. Jembe lake lilivunja ubavu wa kichuguu, na ndani, mchwa wakikimbia huku na huku, yakatoka mayai meupe yenye ganda laini. Mengine yalikuwa yameshapasuliwa na jembe. Msimamizi akasema hayo ni mayai ya nyoka, yatupwe. Mama Taratibu na fundi waliyaonea huruma. Wakayakusanya yaliyosalia, wakayafukia kwenye mchanga kando ya maji, wakawa wanapita kuyachungulia. Hayakuanguliwa hata moja, na wao wakasahau.

Si wao tu, hakuna aliyejua kwamba yalikuwa mayai ya kenge. Kenge jike hungoja mvua ilainishe kichuguu, akachimba tundu, akataga humo ndani na kwenda zake. Haangalii nyuma. Mchwa, ambao hawavumilii nyumba yao kukaa na tundu, huziba wenyewe. Mayai hubaki humo, yakipata joto na unyevu miezi na miezi, mpaka mvua nyingine ije iulainishe tena udongo na watoto wajichimbie njia ya kutoka. Kwa hiyo kila kichuguu kilichogeuzwa tofali kilikuwa chumba cha uzazi. Nyumba ya wageni ilisimama, na bado imesimama, haina ufa hata mmoja, wageni huisifu. Kuzunguka bwawa pakabaki tambarare.

Kenge hawakutoweka papo hapo, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Wale wakubwa waliendelea kuota jua miaka kadhaa. Kisha wakapungua, mwingine akafa kwa uzee, mwingine akachukuliwa na mamba. Mwishowe akabaki mmoja tu, kikongwe, mkia umekatika ncha. Siku moja naye hakutoka.

Wakati huo Mama Taratibu alikuwa ameajiriwa kufagia ofisi. Akaja mtafiti mmoja wa mambo ya nyoka na mijusi, mama mwenye miwani minene asiyejua kupika wala kupumzika, akamwomba amsaidie kubeba mikoba. Baada ya wiki chache mikoba ilibebwa na mtu mwingine, na Mama Taratibu akawa anashika nyoka. Mtafiti alikuwa ameona kwamba mikono yake haitetemeki. Alimfundisha yote: jinsi ya kumtambua kifutu kwenye majani makavu, jinsi ya kusimama mbele ya swila bila kumtisha, jinsi ya kumbeba chatu bila kumvunja mbavu. Walifanya kazi pamoja misimu mingi na hadi leo wanapigiana simu kugombana.

Mtafiti huyo ndiye aliyemweleza, mchana mmoja wakiwa wamepumzika, habari ya kenge na vichuguu. Alimweleza kama jambo la kupendeza, kwa maana ni jambo la kupendeza kweli. Mama Taratibu anasema alisikiliza mpaka mwisho, akaomba radhi, akaenda nyuma ya gari akalia. Jioni akamweleza mume wake. Fundi aliweka kijiko chini, hakula tena. Kisha akasema kwamba matofali yale aliyafyatua yeye kwa mikono yake, na kwamba kenge wale ndio waliomfanya apate mke. Ndipo wakaanza kungoja.

Kungoja kwao hakukuwa kwa kushika tama. Mama Taratibu alikwenda ofisini, akarudi, akaenda tena, akawachosha wakubwa watatu waliofuatana, mpaka ikawekwa amri kwamba udongo wa kichuguu hauguswi kuzunguka Bwawa la Chini, hata wa kusiriba sakafu, hata wa kupandia maua. Amri hiyo ipo hadi leo na ni yeye aliyeisimamia. Mkaguzi mmoja mgeni aliwahi kuchota ndoo moja tu kwa ajili ya jiko lake. Aliirudisha ndoo ile kwa miguu, kwenye jua, na Mama Taratibu akitembea nyuma yake.

Mchwa nao hawana haraka. Vichuguu viliota upya polepole, kwanza kimo cha kisigino, baadaye kimo cha goti. Kila siku ya mapumziko mume na mke walikwenda kuviangalia, wamechukua chupa ya chai, kama watu wanaokwenda kuangalia shamba. Fundi alikuwa akivipigapiga kwa kiganja kupima ugumu, ufundi wake haukumtoka. Bwawa lenyewe lilikuwa limebadilika. Kiangazi samaki waliokufa walioza ukingoni hadi wageni wakalalamika, kwa sababu wa kuwala hakuwapo. Mamba waliongezeka, maana kenge ndiye mwizi mkubwa wa mayai yao, na sisi tukakatazwa kuteka maji upande ule. Mama Taratibu alitueleza hayo yote kila tulipoziba pua.

Nirudi kwenye nyoka, maana watoto wa shule watakaosoma jarida hili wanataka nyoka. Tulipata kuwa na mkuu mmoja wa kituo, simtaji, ambaye alimkuta swila bafuni kwake akiwa ameshajipaka sabuni. Alitoka mguu niponye na taulo moja. Kesho yake ikatoka amri kwamba kila nyoka atakayeonekana karibu na nyumba za wafanyakazi auawe. Mama Taratibu alikwenda kumsihi, akaambiwa akafagie. Basi nyoka wakauawa, wa sumu na wasio na sumu, wakubwa na wadogo, na kwa miezi michache watu walilala kwa raha.

Halafu wakaja panya. Hapa naomba nisikilizwe kama shahidi, kwa sababu ulikuwa mwaka wangu mbaya kuliko yote. Walikula magunia ya mbegu za miche. Walikula mikanda, wakala kola za sare mpya ambazo hazijavaliwa. Kofia ya gwaride ya kamanda wa askari niliikuta na watoto sita ndani, wekundu, hata macho hawajafungua. Nilitega mitego, nikafuga paka, paka akanenepa na kuchoka. Amri ya kuua nyoka haikufutwa kwa hoja. Ilifutwa asubuhi moja mkuu alipowasha gari lake likakataa, na fundi wa magari akamwonyesha nyaya zilizotafunwa zote.

Ndipo Mama Taratibu akapewa nafasi. Akamleta nyoka kahawia, aina isiyo na sumu ambayo kazi yake usiku kucha ni panya, na akamweka kwenye dari ya stoo yangu. Nilitishia kuacha kazi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akanitambulisha kwa nyoka yule kama mtu anayekutanisha mashemeji, akamwambia mimi ni mwoga lakini sina ubaya. Sikuacha kazi. Panya walikwisha. Nyoka yule alikufa zamani na sasa yupo mwingine, labda mjukuu, na tuna mapatano: mimi hubisha hodi kabla ya kufungua mlango na yeye hujitia hamnazo. Simpendi. Lakini likizo yangu ya mwaka jana nilijikuta nauliza kwa simu kama ameonekana.

Mama Taratibu amezunguka shule zote zilizopakana na hifadhi. Huko hufundisha kwamba mjusi wa ukutani anakula mbu na kombamwiko, nyoka anamla mjusi, tai anamla nyoka, na nguchiro anawala wote akipata nafasi. Hufundisha pia kwamba usimguse nyoka wala usimpige, rudi nyuma na ita mtu. Lakini kuna kitu kimoja humkera. Hapendi kuulizwa nyoka ana faida gani. Hujibu kwamba hajawahi kusikia mtu akimuuliza punda milia swali hilo. Mwalimu mkuu mmoja alicheka sana akidhani ni utani, akaja kugundua kwamba mwenzake amenuna kweli.

Watu huuliza ameumwa na nyoka mara ngapi. Hajaumwa. Aliyemuuma ni bata wa mpishi wetu, tena kidoleni, akashonwa. Mpishi anaomba hilo lisiandikwe popote katika jarida, lakini Mama Taratibu mwenyewe amesisitiza liandikwe.

Fundi alifariki miaka sita iliyopita. Aliugua muda mfupi, akazikwa kwenye makaburi ya wafanyakazi karibu na lango la nyuma. Sisi tuliokuwapo tunakumbuka kwamba siku zake za mwisho alikuwa akiuliza kuhusu vichuguu. Alimwambia mke wake kwamba kenge wakirudi, hata akirudi mmoja, aje amwambie. Mama Taratibu alimwahidi. Tangu wakati huo huenda bwawani peke yake siku za mapumziko, na hukaa kwenye baraza ya nyumba ya wageni, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta alioujenga mumewe, macho kwenye miamba. Amepata kuniambia kwamba ukuta ule anaupenda na anauonea uchungu kwa wakati mmoja, na kwamba hajui afanye nini na mambo hayo mawili.

Kila mmoja wetu hapa alijua, basi, kwamba Mama Taratibu ana haja moja tu kabla ya kustaafu. Akishastaafu inambidi aache nyumba ya kazi, na anakwenda kuishi kwa binti yake, safari ya siku mbili kutoka hapa. Hatapata tena bwawa la kukaa kando yake. Vichuguu vimekwisha kumpita urefu, mvua za mwaka huu zimeanza vizuri, lakini miamba ilibaki mitupu. Ilivyozidi kukaribia tarehe yake, ndivyo alivyozidi kwenda, na akirudi hakuna aliyethubutu kuuliza kitu. Tulimwona tu anavyopita.

Dereva na mpishi hawakuweza kuvumilia. Ninalolieleza sasa nimeliombea ruhusa kwake, kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Wawili hao walichukua mtego wa kizimba cha waya, nao waliuazima stoo kwa kunidanganya kwamba kuna paka pori anasumbua jikoni. Wakaenda mto wa juu, upande wa pili wa barabara kuu, ambako kenge bado ni wengi na huiba mayai kambini mchana kweupe. Wakamnasa mmoja, jike, mkubwa kweli. Dereva alipigwa mkia kwenye shavu la mguu na alichechemea kwa siku kadhaa akisema ni baridi yabisi. Jumapili asubuhi wakamwachia kenge yule kwenye miamba ya Bwawa la Chini, wakajificha nyuma ya tangi la maji.

Mama Taratibu akaja na chupa yake ya chai. Alikuwa hajakaa vizuri alipomwona. Mpishi anasema hakupiga kelele wala hakukimbia. Aliweka mkono mdomoni, akateremka ngazi za baraza, akakaa chini kwenye nyasi zenye umande, na akabaki hapo. Chai haikufunguliwa. Walimwangalia wakitamani kushangilia, na wakajipongeza kwamba hakuna aliyewahi kupata zawadi ya kustaafu kama hiyo. Kenge alipoteremka na kupotea kwenye matete, Mama Taratibu alisimama, akapangusa kanga yake. Hakurudi nyumbani. Alipitia njia ya lango la nyuma, akaenda makaburini, akakaa na mume wake mpaka jua likachwa, akimweleza.

Hilo hawakulitarajia. Dereva alimwona kwa mbali. Kumfurahisha mtu kwa uongo mdogo ni kitu kimoja, lakini sasa uongo wake ulikuwa umepelekwa kwa marehemu. Hakupata usingizi. Kulipopambazuka alimkokota mpishi, wakaenda mlangoni kwa Mama Taratibu, na dereva akasema yote, kichwa chini.

Kwanza alicheka. Aliuliza wamemtiaje mle kwenye kizimba, akataka kuona alama ya mkia, akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango. Kisha kicheko kikageuka kilio, mbele yao, na hakujisumbua kuficha uso. Mpishi naye akalia. Dereva anasema ilikuwa heri angetukanwa.

Alipotulia aliwaambia kwamba kenge arudishwe siku hiyo hiyo. Dereva akajitetea kidogo. Akasema yule jike tumbo lake limejaa mayai, alilihisi alipokuwa anambeba, na vichuguu si hivyo vipo, na mvua ndiyo hii. Akiachwa atataga, na mvua zijazo bwawa litakuwa na watoto. Yeyote anayemfahamu Mama Taratibu anaelewa alichokuwa anaambiwa pale. Alikuwa anawekewa mkononi kitu alichokitamani nusu ya maisha yake, na alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu. Alikaa kwenye kizingiti muda mrefu, wao wamesimama. Mwishowe akasema kwamba angependa sana iwe hivyo, lakini kenge aliyehamishwa kwa nguvu hakai akataga, hutafuta njia ya kwao, na njia ya kwao inapita barabara kuu.

Wakaenda bwawani na gari. Kenge hakuwapo. Walimpata karibu na barabara, kwenye karavati, ameinua kichwa, na malori yanapita juu yake yakitikisa nchi. Mama Taratibu aliingia karavatini kwa magoti, umri wake huo, wiki chache kabla ya kustaafu, akisema taratibu, taratibu. Akatoka naye kifuani, mkono mmoja shingoni na mwingine umeubana mkia, tope mpaka nyusi. Huyo ndiye mnyama wa mwisho aliyemkamata katika utumishi wake. Hakumwachia dereva ambebe. Alimpakata njia nzima mpaka mto wa juu, akamweka kwenye maji ya kina kifupi, akatazama mpaka mawimbi yakatulia.

Wakati wa kurudi aliomba gari lipitie lango la nyuma. Dereva alimsubiri injini imezimwa. Hakukaa sana huko ndani. Alipopanda garini alisema amekwenda kuyarudisha maneno yake ya jana, amemwambia fundi kwamba ilikuwa makosa, kwamba watoto hawa walikuwa na nia njema, na kwamba kenge bado hawajarudi. Kisha akauliza kama kuna maji ya kunawa. Dereva ni mtu wa masihara sana, lakini mpaka leo hajaweza kulisimulia hilo kwa sauti ya kawaida.

Kamati ya kuagana imemuuliza anataka zawadi gani. Tulitegemea atataja kitu cha kuweka nyumbani kwa binti yake, na ofisi ilikuwa tayari. Amesema hataki kitu. Ameomba jambo moja tu. Vichuguu viendelee kuachwa, na sisi tutakaobaki tuwe tunakwenda kukaa pale barazani mara kwa mara, kwa zamu, hata kama ni kupiga soga tu, ilimradi macho yawe kwenye miamba. Na siku mmoja wetu atakapomwona kenge, kenge aliyekuja kwa miguu yake, asimpigie yeye simu kwanza. Apitie lango la nyuma amwambie fundi, kwa kuwa yuko karibu na amengoja zaidi. Halafu ndipo apige simu kwa binti yake, naye atapanda basi.

Tumekubali. Zamu zimepangwa, mkuu wa hifadhi mwenyewe kachukua Jumapili ya kwanza. Mimi nimechukua ya pili, pamoja na woga wangu wote.

Mama Taratibu, sisi wenzako wa ofisini, wa lango, wa jikoni, wa karakana na wa stoo, tunakushukuru kwa mikono yako na kwa ukali wako. Umetufundisha kurudi nyuma hatua moja na kutazama kabla ya kuokota jiwe. Huko uendako tunakuombea afya, wajukuu wenye utundu wa kiasi, na ukuta wa kuegemea ulio na jua la asubuhi. Nyumba yako ya kazi itakaliwa na mtu mwingine na tutamzoea, lakini tutakukosa vibaya sana, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa kuzunguka. Nenda kapumzike, mama. Tutakapomwona kenge tutapita kwa fundi kwanza.